Hesabu ya Jioni

Jumapili, saa kumi na mbili, nyuma ya kambi ya Lanet,
jozi sita za viatu vya shule zilipangwa ukutani
kama kuruta waliosahau kunyoa,
na Baba, Sajini Hezron Chanzu, kwa fulana na kaptura,
ameketi juu ya kreti la soda
na kopo la kiwi, kipande cha shati kuukuu,
na mate kidogo.

Hakuwa mtu wa maneno.
Mideva alikuwa akiburura mguu;
usiku mmoja kisigino chake kikatiwa raba ya gurudumu,
hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyeambiwa.
Viatu vyangu vilikuwa vya Kisia kwanza,
na kabla yake vya Asava,
lakini Jumatatu mwalimu aliniuliza nimevinunua duka gani.

Vumbi la Nakuru, lile jeupe linalotoka ziwani kiangazi,
ndilo adui pekee ambaye Baba alimtaja kwa jina.
"Limeingia tena," angesema,
kama anayetoa ripoti kwa afande.

Kisha hesabu. Hakuna ugali kabla ya hesabu.
Asava, moja. Kisia, mbili. Mideva. Mimi. Adagala.
Kageha, mdogo, sita, kidole kinywani.
"Saba," angesema Baba,
akitazama mlango.
Mama angegeukia sufuria.
"Haya, naweni mikono."

Tulidhani jeshi halikumfundisha kuhesabu.
Adagala, mwenye kichwa kigumu, alisema siku moja,
"Baba, tuko sita."
"Najua. Pitisha chumvi."

Mwaka ambao Mama alilazwa hospitali kuu
alitusuka yeye mwenyewe, wasichana wote watatu,
mistari minne kila kichwa, imenyooka kama gwaride,
imekaza hata tukashindwa kupepesa macho.
Majirani walicheka. Alicheka pia.
Ndiyo mara chache nilizoyaona meno yake ya nyuma.

Uzeeni sukari ilimla mguu wa kushoto.
Alirudi nyumbani kwa magongo,
akaomba kreti lake,
akakipiga kiwi kiatu cha kulia,
akakipiga kiwi na cha kushoto.
Miaka miwili, kila Jumapili.
Mama akamwambia, "Hicho mgawie mtu."
"Kina zamu yake," akajibu.

Tulimzika Maragoli, penye mawe makubwa ya shamba la babu,
mvua ikitishia bila kunyesha.
Wakaja wazee watatu, medali juu ya makoti ya mtumba,
wakapiga saluti kila mmoja kwa kasi yake,
goti la mmoja likalia.
Mrefu wao alinivuta kando, chai mkononi.
"Baba yako alikuwa na kikohozi asubuhi ile.
Lori la mbele lilikuwa lake.
Lomuria akasema, lala kidogo, nitalichukua mimi."
Nikangoja.
"Barabara ya kaskazini," akasema,
akapuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa.

Sikuuliza zaidi.
Nilikuwa nahesabu nyuma, jioni baada ya jioni,
sahani ya saba ambayo hatukuiona,
mlango ambao hakuwahi kuufunga kwa komeo
hadi sote tumelala.

Usiku huo, wageni wakiwa wamepungua,
tulikaa jikoni kwa bibi, watu wazima sita,
Asava na mvi zake, Kageha na mtoto mgongoni,
viatu vyetu vimejaa matope mekundu, aibu tupu.
Kiatu cha kushoto kilikuwa dirishani.
Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukitia jenezani.

Mama alisonga ugali, akaupua,
na badala ya kugeukia sufuria
akatugeukia sisi.
Alituita kwa majina, polepole, hadi Kageha.
"Saba," akasema.
Akatazama mlango.
"Nane."

Kuku mmoja alipita kizingitini, akarudi nje.
"Haya," akasema Mama, "naweni mikono."